Filimbi ya Saa Kumi na Dakika Ishirini

Jumanne, 4 Machi

Hili sijamwambia mtu. Si mama, si bibi, si rafiki yangu Miwani. Nilimwona baba akigongwa, nikaendelea kutembea.

Nimeliandika. Nimesubiri kidogo nione kama kuna kitakachotokea. Hakuna. Bibi anakohoa sebuleni, mama anapiga pasi mashuka ya watu, harufu ya sabuni nyumba nzima kama kawaida.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe ishirini mwezi uliopita. Taa za njia panda karibu na shule zilikufa tangu asubuhi, polisi wasaidizi wakaitwa kuongoza magari. Baba ni fundi rangi. Lakini siku mbili kwa wiki ananawa rangi (masikioni haitoki), anavaa shati la buluu, kizibao cha kung'aa na filimbi, anakuwa polisi msaidizi. Mshahara hana. Analipwa nauli na heshima, ndivyo anavyosema mwenyewe, na heshima huwa inachelewa kufika.

Kizibao chake hukikosei hata ukiwa mbali. Mgongoni kina alama ya pasi. Mama aliisahau juu yake mwaka juzi, mstari wa kung'aa ukayeyuka.

Tukatoka shule saa kumi, tukasimama getini kidogo kupiga soga, halafu tukashuka. Mimi, Miwani na wasichana wawili wa darasa letu. Baba yuko katikati ya barabara. Na baba haongozi magari kama watu wengine! Anazunguka kwa kisigino, mkono mmoja unaita, mwingine unakataza, kiuno nacho kina maoni yake. Msichana mmoja akasema jamani mtazameni yule mzee, anacheza na muziki hakuna. Wakacheka.

Nikacheka na mimi.

Halafu akaniona. Akasimamisha magari pande zote nne, zote!, akapiga saluti. Kwangu. Nikainamisha kichwa, nikavuka kama simjui. Nilipokanyaga upande wa pili nikasikia breki, na filimbi ikakatika katikati. Nikageuka. Pikipiki ikamvaa baba, wote wakaenda chini. Mwenye pikipiki akainuka, akaiwasha, akatoweka. Watu wakaanza kukimbilia kutoka madukani. Mimi nikashika njia ya nyuma ya gereji, nikafika nyumbani, nikavua viatu, nikakaa. Walipokuja kutuambia nikasema, "Eti nini?" Vizuri kabisa. Hata mimi ningeamini.

Mguu wa kulia, mifupa miwili, chini ya goti. Plasta mpaka pajani. Daktari kasema wiki nane, labda kumi.

Naandika kwa lugha ya nyumbani. Kwa lugha ya shule uongo unanitoka laini mno, kama insha. Huku kila neno linanijua.


Jumatano, 5 Machi

Na la pili, ambalo naona haya kuliandika kuliko la kwanza: nina furaha.

Baba yuko nyumbani kutwa! Nikirudi shule namkuta sebuleni, mguu juu ya kigoda, filimbi shingoni. Filimbi ndiyo kengele yake. Mlio mmoja ni chai. Miwili ni mto wa mguu umeteleza. Mitatu haijaamuliwa bado, kwa sababu mama ameapa siku atakayoisikia baba ataimeza hiyo filimbi. Bibi anamwambia, "Mwanangu, hata ulipougua surua hukutusumbua hivi." Kisha ananigeukia, "Mke mwenzangu, mpelekee chai mtoto wetu."

Leo tulijaza fomu ya fidia. Nilikuwa sielewi, sasa naelewa. Polisi msaidizi haajiriwi, lakini akiumia akiwa kwenye zamu anahesabiwa kama mfanyakazi. Hospitali inalipwa. Na kwa muda ambao hawezi kupanda ngazi kupaka kuta, analipwa sehemu ya kile ambacho ngazi ingemletea. Baba kasikia hivyo akasema basi mguu wangu una thamani kuliko nilivyodhani, ningejua ningeutunza.

Fomu iko kwa lugha ya shule, maandishi madogo kama mayai ya chawa. Nasoma, nageuza kwa lugha yetu, baba anajibu, naandika. Tulikwenda vizuri tu. Mpaka swali la kumi na moja. Kuna mtu aliyeshuhudia?

Baba akatazama dari. Dari hiyo kaipaka mwenyewe, hakuna jipya pale.

"Andika hakuna ninayemjua."

Nikaandika. Kwa mwandiko wangu.


Ijumaa, 7 Machi

Somo la leo: rangi nyeupe si nyeupe. Ukiweka tone moja la buluu inaonekana safi zaidi. Ukiweka mawili watu wanahisi baridi. Baba alinifundisha kwenye kifuniko cha kopo, akiwa kitandani, nikamwaga kidogo kwenye shuka la mteja wa mama.

Tumelificha. Mimi na baba. Mama bado anahesabu mashuka na kukunja uso.


Jumatatu, 10 Machi

Afisa wa fidia amekuja. Mapema kuliko tulivyotarajia. Mama mmoja mrefu, viatu vya kamba, mkoba mzito hadi bega moja limeshuka. Akakataa kiti kizuri akakaa kwenye ndoo ya rangi iliyogeuzwa. Bibi kampenda papo hapo.

Mwanzo mzuri. Kaangalia picha ya eksirei, kaangalia kizibao, kauliza ile alama ya pasi ni ya ajali? Mama akasema hapana, ile ni yangu.

Halafu akatoa nakala ya daftari la zamu.

"Fundi, sahihi hii ni yako?"

"Yangu."

"Umeingia saa sita kamili. Na hii nyingine, umetoka saa kumi kamili. Yako pia?"

"Yangu pia."

"Na simu ya kuita gari la wagonjwa ilipigwa saa kumi na dakika ishirini na mbili."

Pasi ya mama ilikuwa inafuka mvuke peke yake.

Baba akaeleza. Daftari linakaa kituoni, kwenye kabati la Sajini anayewasimamia. Sajini ana kituo cha pili cha kuangalia, kwa hiyo saa tisa na nusu anafunga kabati anaondoka na ufunguo. Ukitoka zamu saa kumi, utasaini wapi? Basi wote husaini mara mbili wakifika. Kuingia na kutoka, kalamu ile ile, pumzi ile ile. Miaka nenda miaka rudi. Sajini mwenyewe huwahimiza, jamani sainini zote mbili, msinipe kazi kesho.

Afisa akavua miwani. "Mnatoka kabla hamjaingia?"

"Tunaaga mapema, mama. Adabu tu."

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Afisa naye alicheka, nilimwona. Lakini alipovaa tena miwani kicheko kilikuwa kimekwisha. Haki ya fidia ya polisi msaidizi, akasema, inaanza anapopangwa kazini na inakoma anaporuhusiwa. Karatasi inasema aliruhusiwa saa kumi. Baada ya hapo ni raia aliyesimama barabarani na filimbi.

"Taa zilikuwa bado zimekufa," baba akasema. "Wa kunipokea hakutokea. Watoto wa shule ndio kwanza wanatoka. Ningeondoka?"

"Mimi nakuamini, fundi. Lakini faili haliamini mtu. Faili linasoma."

Kinachotakiwa: mtu aliyemwona kwa macho yake, ndani ya sare, akiwa bado anaongoza magari, KABLA ya kugongwa. Waliokimbilia kutoka madukani walikuta ameshaanguka, afisa kawauliza mmoja mmoja. Magari yaliyosimama yaliondoka, nani atayapata. Jumatatu ijayo, tarehe kumi na saba, faili linakwenda mbele ya kamati, na yeye mwenyewe atapita asubuhi kuchukua kilichopatikana.

"Hakuna hata mmoja? Uliyemwona wewe?"

Nilikuwa mlangoni na trei ya chai. Baba akatazama dari.

"Hakuna."

Na hapo ndipo nilipoelewa, jinga mimi. Alinipigia saluti. Alisimamisha magari ya pande nne kwa ajili yangu. Anajua nilikuwepo. Amejua siku zote hizi.

Vikombe viligongana kwenye trei. Mama akasema taratibu mwanangu, utavivunja.


Jumanne, 11 Machi

Sikula vizuri. Nikasingizia tumbo. Bibi kanipa maji ya moto yenye chumvi, adhabu inayonistahili.

Wamezungumza jikoni, mama na baba, wakidhani nimevaa visikilizio. Vilikuwa masikioni, ndiyo, bila sauti. Mama kasema kamati ikikataa itabidi achukue mashuka ya ile nyumba ya wageni pia. Yaani aamke alfajiri na kusimama mpaka jioni, na miguu yake yenyewe inavimba. Baba kasema hakuna haja, wiki ya sita nitapanda ngazi na mguu mmoja.

"Utapanda na mmoja, utashuka huna hata huo."

Wakacheka. Wanacheka kila wanapoogopa, hawa watu wangu. Mimi sikucheka. Safari moja nilicheka inatosha.


Jumatano, 12 Machi

Sajini amekuja na mkate mrefu kwapani na kofia mkononi. Ni jitu la mtu, mlangoni inabidi aingie kwa bega. Alikaa kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

Kasema ameandika barua kueleza habari ya daftari na kabati. Kaandika yote, hata kama itamletea maneno kwa wakubwa. "Lakini kaka, mimi sikuwepo pale. Naweza kusema mlisaini mapema. Siwezi kusema ulikuwa bado kazini."

Baba kamwambia umefanya la kiume, kula mkate wako. Wakaula wote, na chai, na hadithi za mbwa aliyewahi kukaa katikati ya njia panda akakataa kuondoka, mpaka baba akamwongoza kama gari. Kwa ishara! Mbwa akageuka kushoto! Sajini alicheka hadi kiti kikalia.

Ilikuwa jioni nzuri. Hilo ndilo linaloniuma. Nyumba hii inajua kuwa na jioni nzuri, na mimi nimekaa katikati yake na kitu mdomoni.

Habari mpya: kabati limepata ufunguo wa pili. Unaning'inia ukutani kituoni kwa kamba nyekundu. Mguu wa baba umeleta ufunguo.


Alhamisi, 13 Machi

Nimezungumza na Miwani. Nilipanga kumwambia wakati wa mapumziko, nikashindwa. Nikapanga maktaba, nikashindwa. Mwishoni nilimwambia chooni, kupitia ukuta, kila mtu na chumba chake. Rahisi zaidi mtu akiwa haonekani.

"Yule polisi wa njia panda, siku ile. Yule tuliyemcheka. Ni baba yangu."

Maji yakavutwa. Akatoka, akanisubiri kwenye masinki, akafuta miwani yake kwa sketi.

"Nilijua," akasema. "Mna masikio yale yale. Na yake yana rangi."

"Mbona hukusema?"

"Wewe mbona hukusema? Nilidhani hutaki."

Nikamweleza yote, daftari, kamati, Jumatatu. Yeye na wale wawili walikuwa mbele yangu, walishafika kwenye kona. Alimwona baba akiongoza, lakini kugongwa hakuona, alisikia tu kishindo. Kasema ataandika alichokiona. "Lakini uanze wewe. Mimi siwezi kumshuhudia baba wa mtu wakati mwenye baba amenyamaza. Nitaonekana kiherehere."

Ana haki.

Nikamwuliza kama ananiona mtu mbaya. Akafikiri! Alifikiri kweli, kama swali la hesabu. Akasema, "Nakuona mtu mwenye aibu aliyefanya jambo baya dakika moja. Halafu ukaliongezea wiki tatu."

Ndiyo maana ni rafiki yangu. Nilitaka kumzaba kibao.


Jumamosi, 15 Machi

Siku nzuri kuliko zote mwaka huu. Sitanii.

Baba kasema mlango wa chumba changu unamtia aibu, fundi rangi gani mlango wa mwanawe umebabuka vile. Akaketi koridoni, mguu kwenye kigoda, mimi na msasa na brashi. Ananiongoza kwa ishara za barabarani! Mkono juu: simama, rangi nyingi. Mkono unaita: njoo, fuata mbao inavyokwenda. Kuzungusha kidole: rudi, umeacha kovu. Filimbi nikidondosha sakafuni. Nilidondosha mara tisa. Bibi akipita lazima asubiri aruhusiwe kuvuka kwenda msalani, akamwambia, "Nitakuvunja wa pili."

Rangi ni ya kijani, ya mabaki ya kazi ya zahanati. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, leo, wa pili kesho. Ni rangi ya mafuta, inakauka polepole kama karani.

Tulipofika bawaba za chini tulikuwa wawili tu. Nilikuwa nimepiga magoti, mgongo kwake. Nikaona hapa nitaweza, simwangalii. Nikasema, "Baba." Akasema naam. Nikasema, "Huogopi? Kusimama vile katikati, watu wote wanakutazama?"

Nikageuka.

"Naogopa sana," akasema. "Mimi bila filimbi siwezi hata kumwambia mtu anipishe dukani. Mwulize mama yako, barua ya kumchumbia nilimtuma mtu aisome. Ukivaa kizibao si wewe unayetazamwa, ni kizibao. Unacheza tu humo ndani."

Sikujua. Miaka kumi na sita nakaa na mtu huyu, nikidhani aibu yangu niliiokota njiani. Kumbe ni yake! Kama masikio.

Nikasema, "Na Jumatatu?"

"Jumatatu kamati itakaa, itaamua. Wana meza ndefu, nimeiona, nilipaka chumba kile. Kuna watu ukiwaita wasimame mbele ya meza kama ile ni sawa na kuwavunja mguu." Akaupapasa wa kwake, ile plasta. "Mguu mmoja unatosha nyumba hii."

Kisha akainua mkono, simama. Nilikuwa nimedondosha tena.

Sikusema kitu. Lakini kutosema kwa leo kulikuwa kwa namna nyingine. Siwezi kueleza.


Jumapili, 16 Machi

Mchana. Mkono wa pili wa rangi nimeupaka baada ya chai ya asubuhi, peke yangu, bila trafiki. Nimeacha kovu moja tu karibu na kitasa. Mlango nimeurudishia bila kuufunga, usinate kwenye fremu.

Mama na bibi wametoka, wamepeleka mashuka. Baba amelala sebuleni.

Nimeandika maelezo. Afisa alisema lugha yoyote kati ya mbili inakubalika. Nilianza kwa lugha ya shule, ikawa nzuri, nzuri mno, nikasikia inaanza kunipamba: nilipatwa na mshtuko, sikuweza kusogea. Uongo! Nilisogea vizuri sana. Nikachana. Nikaanza upya kwa lugha hii.

Ni ukurasa mmoja. Kwamba mimi ni binti yake. Kwamba tarehe ishirini Februari, saa kumi na dakika ishirini (saa ya duka la vitabu niliiona, ninaweza kuapa), alikuwa katikati ya njia panda, shati la buluu, kizibao chenye alama ya pasi, filimbi mdomoni, taa zimekufa, anavusha wanafunzi. Kwamba mwanafunzi wa mwisho aliyemvusha kabla ya pikipiki ni mimi. Kwamba alisimamisha pande nne na kupiga saluti. Kwamba nilimwona akianguka.

Hapo nilikaa muda. Sheria haihitaji zaidi ya hapo. Faili litasoma hapo na kuridhika. Lakini nikaongeza sentensi mbili, kwa sababu watauliza mbona wiki tatu, na kwa sababu baba atausoma. "Sikurudi kumwinua kwa sababu rafiki zangu walikuwa wamemcheka na mimi nilicheka nao. Aliponificha kwenye fomu, alikuwa ananivusha kwa mara ya pili."

Nimetia sahihi. Sahihi moja tu, na saa ya kweli.

Miwani nimemtumia ujumbe: nimeanza. Kajibu kwa dakika mbili: nakuja kesho saa moja na ya kwangu, na usilie lie.

Mwili wangu mwepesi ajabu. Njaa pia! Nimekula mkate wote uliobaki wa Sajini. Naogopa ile meza ndefu, naiogopa kweli, lakini naiogopa kama mtu aliyeshiba.

Bado kumpa. Nilifikiri nimwekee chini ya kikombe kesho asubuhi kabla afisa hajapita. Au nimpe mama ampe. Au

Magongo. Koridoni. Tok, tok, halafu mguu. Ameshindwa kulala au nini? Anakuja huku, msalani amekupita, mbele kuna chumba changu tu.

Amesimama. Namsikia anavyohema. Hawezi kubisha, rangi mbichi! Anaitazama kazi yangu, najua, anatafuta kovu. Amelipata, nimesikia "ah-ah."

Filimbi. Mlio mmoja, mdogo, kama anaomba radhi.

Lakini chai yake nimeshampa.

Shajara hii naitia chini ya mto. Ule ukurasa mwingine uko mezani, wazi, hata nikitaka kuukunja muda hakuna, na gongo linausukuma mlango kwa ncha, taratibu, na mimi mkono wangu nauondoa juu ya ule ukurasa, asome.